Maziwa ya Nabintu

Mtu wa kwanza kumwona Polycarpe akipanda kilima cha Cishugi alikuwa Adélaïde, kwa sababu shamba lake ndilo lililopakana na njia. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1956. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo, naye alikuwa amepiga magoti akifukia mbegu za maharage. Alisikia kengele ya baiskeli, kisha akaona kofia, shati jeupe, na suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Mtu mwenyewe alikuwa akiisukuma baiskeli yake, maana njia ya Cishugi inapanda ghafla toka barabara ya Nyangezi.

"Jambo, maman," mgeni alisema.

"Jambo, papa."

"Hii njo Cishugi?"

"Weye unatoka wapi?"

Mgeni alieleza bila kukasirika. Jina lake ni Polycarpe, anakaa Kadutu, mjini Bukavu, na ni karani katika depo ya kahawa kule Nguba, kando ya ziwa. Halafu akatoa daftari mfukoni, na Adélaïde akasimama.

Watu wa Cishugi hawakupenda daftari. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kilima kilichoandikwa mwaka mmoja, jina kwa jina, shamba kwa shamba. Mwaka uliofuata kikawa shamba la miti ya kinini la Mzungu mmoja, na wenyewe wakabaki kuwa vibarua wa kupalilia humo humo walimozaliwa.

"Nataka kuandika historia ya kilima," Polycarpe alisema. "Nani alifika wa kwanza, nani alifuata, kila mutu alilima wapi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu. Ni miye mwenyewe tu."

Jibu hilo ndilo lililoharibu. Angesema ametumwa na chefu, watu wangeogopa. Angesema ametumwa na mapadri, wangemletea kigoda. Lakini mtu anayeacha siku yake ya kupumzika, asukume baiskeli mpaka Cishugi, aandike majina ya wafu wa watu wengine bila kutumwa, huyo alikuwa ameficha kitu. Kabla jua halijasogea, Grégoire alikuwa amefika.

Grégoire alikuwa kapita wa kilima, msimamizi aliyewekwa na chefu, mtu wa miaka arobaini, mpole wa sauti. Hakumfokea mgeni. Aliomba kitabu chake cha utambulisho, akakisoma toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akakirudia, kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

"Andika," alisema. "Batu wakikubali kusema, andika."

Aliposhuka alipita karibu na Adélaïde na kusema kwa Mashi, lugha ya kilimani, polepole, kwamba atakayesema atajulikana.

Polycarpe alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena. Alizunguka nyumba kwa nyumba. Watu walimpa mahali pa kukaa na maji ya kunywa, hawakumpa kitu kingine. Wazee ambao siku zote walichosha watu kwa kusimulia mambo ya ukoo walisahau ghafla majina ya baba zao. Philémon, jirani wa Adélaïde, alimwambia kwamba babu yake alitoka Kabare. Jumapili iliyofuata akamwambia alitoka Kaziba. Mgeni aliandika vyote viwili. Mgeni alipoondoka, Philémon alicheka mpaka akashika tumbo, lakini mke wake Clémence hakucheka.

"Anaandika hata uongo," Clémence alisema. "Mutu anaandika hata uongo, anatafuta nini?"

Adélaïde alikuwa mjane wa miaka thelathini na mitano. Alizaliwa Cishugi, akaolewa Cishugi. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo shamba lake lilipita kwa mkwe, na mkwe alipokufa kwa homa, Adélaïde akabaki analilima peke yake. Binti yake Delphine alikuwa ameolewa mbali, Kalehe. Hakuwa mtu wa kuamini haraka. Lakini Jumapili ya nne mvua kubwa ilimkuta Polycarpe mbele ya mlango wake, na huwezi kumwacha mtu akilowa huku unamtazama. Akamkaribisha, akampa viazi vitamu vilivyochemshwa.

Mvua haikukoma. Polycarpe hakuuliza kitu. Alikula, akashukuru, akanyamaza, na ule unyamavu wake ndio uliomlegeza Adélaïde. Akaanza kumtajia jamaa za kilima kwa mpangilio wa kufika kwao: waliofyeka msitu wa juu, waliokuja na ng'ombe, waliokimbia vita vya machefu, mpaka jamaa ya Philémon, ambayo kweli ilitoka Kaziba.

"Hizo ni sita," Polycarpe alisema.

"Ni sita."

"Miye nilisikia zilikuwa saba."

Adélaïde aliinama kusogeza kuni. "Ulisikia kwa nani?"

"Kwa mutu alikuwa anakaaka huku zamani."

"Mutu gani?"

Walitazamana juu ya moshi, kila mmoja akiwa na jina mdomoni na kila mmoja akiogopa kulitoa wa kwanza. Mvua ilipopungua Polycarpe alifunga daftari, akashukuru kwa viazi, akashuka na baiskeli yake.

Adélaïde alibaki amekaa, mikono magotini. Jina alilijua. Jamaa ya saba ilikuwa ya Ntakwinja. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa Cishugi kwa miaka ishirini na saba.

Siku nne baadaye watu wa agronomu, bwana shamba wa serikali, walipanda kilima wamebeba vijiti vilivyopakwa chokaa. Walivipiga ardhini kimoja baada ya kingine, kwenye mtelemko mzima, wakapita katikati ya mihogo ya watu, katikati ya maharage ya Adélaïde yaliyokuwa bado machanga, na katikati ya shamba la ndizi la Grégoire, lililokuwa bora kuliko yote. Moniteri aliyewasimamia, kijana mmoja aitwaye Edouard, alijaribu kueleza.

"Ni mitaro ya kuzuia udongo isishuke na mvua. Vilima vyote mpaka Nyangezi vitachimba. Haiko Cishugi peke yake."

"Na majina? Juu ya nini waliandika majina?" Philémon aliuliza.

"Majina gani? Miye sina majina."

Hakuna aliyemwamini. Wiki zilezile mtu anakuja na daftari, halafu vijiti, nani asingeviunganisha? Grégoire alisimama ndizini kwake akitazama vile vijiti vyeupe. Kisha akauliza swali moja tu, kwa watu wote waliokuwa pale.

"Ile karani aliingia nyumba ya nani?"

Clémence ndiye aliyejibu. Yeye na Adélaïde walibatizwa siku moja, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wakisaidiana kulima. Hakusema kwa chuki. Aliulizwa, akasema alichoona.

"Kwa Adélaïde. Siku ya mvua. Alikaa paka mvua ikaisha."

Tangu siku hiyo Adélaïde akawa mtu mwingine kilimani. Salamu zilifupishwa. Wanawake waliokuwa kisimani walikumbuka kazi nyumbani mara alipofika. Alipotengeneza pombe ya ndizi, kasigisi, na kuwaita majirani kama ilivyokuwa desturi, walikuja wanne tu. Kwetu mwenye pombe huonja wa kwanza mbele ya wageni, na Adélaïde akaonja. Akampa Philémon kibuyu. Philémon akakishika, akakitazama, akamrudishia.

"Onja tena, maman."

Adélaïde akaonja tena. Mara ya tatu hakungoja kuambiwa. Philémon akanywa basi, nao wengine, lakini kidogo kidogo, na wakaondoka mapema wakisingizia mvua.

Wiki mbili baadaye Philémon aliugua. Tumbo lilimkata, akaharisha damu, mwili ukaisha siku kwa siku mpaka mbavu zikahesabika. Hapo ndipo neno lilipotoka. Hakuna aliyemjia Adélaïde kulisema. Alilisikia nyuma ya ukuta wa mianzi, alipopita kwa Clémence na kuku wa kumpelekea mgonjwa. Sauti ya mwanamke ilisema karuho. Ndiyo sumu ya polepole ambayo watu huogopa kuliko radi, ile wanayosema mtu anawekewa kinywajini na mkono anaoujua. Adélaïde alirudi na kuku wake kwapani.

Alijua vema neno hilo linafanya nini. Alikuwa na miaka minane lilipotamkwa Cishugi mara ya mwisho.

Mwaka ule mzee Lwaboshi, baba ya Grégoire, alifanya karamu ya kumpa mtoto jina. Ntakwinja alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mke wake Nabintu alileta kibuyu kilichojaa. Watoto walikinywa kwa zamu, nje, chini ya ukingo wa paa. Ndani ya juma moja watoto wawili wa Lwaboshi walikufa kwa kuharisha. Mtu akasema karuho. Asubuhi moja nyumba ya Ntakwinja iliteketezwa, ng'ombe wakachukuliwa, na jamaa yake ikafukuzwa kuelekea ziwani, Nabintu akiwa na mimba. Shamba lao likagawanywa. Sehemu kubwa ilikwenda kwa Lwaboshi kama kufuta machozi. Kipande cha karibu na njia alipewa baba ya Adélaïde.

Na Adélaïde alikuwa amekunywa maziwa yale. Alikunywa mpaka povu likamshika puani, wala hakuumwa hata kichwa. Alimwambia mama yake siku nyumba ilipokuwa inaungua. Mama yake alimziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kukibana muda mrefu, huku akitazama mlangoni.

Asubuhi baada ya kulisikia neno hilo kwa Clémence, Adélaïde alipanda kamyo ya viazi iliyokuwa ikienda Bukavu. Alibeba kibuyu cha maji matamu ya ndizi, yasiyochachuka bado. Alishuka akauliza njia ya Nguba, akakaa kwenye lango la depo mpaka Polycarpe akatoka kwa chakula cha mchana.

"Maman Adélaïde? Kuko nini?"

"Ni weye ulileta vile vijiti?"

"Vijiti gani?"

Alimtazama machoni, akatazama mikono yake, akatafuta mahali uongo ungejificha. Aliona tu mtu aliyeshtuka, lakini hakuona kama hilo linatosha.

"Vijiti vyeupe. Banapima mashamba yetu. Banasema ni daftari yako ilivileta. Na miye banasema nilikusaidia, na sasa Philémon iko anakufa, banasema ni miye." Akavuta pumzi. "Niambie weye ni nani. Hapa, sasa hivi. Ukinificha, naenda kwa polisi kusema kuko mutu anadanganya batu."

Polycarpe alivua kofia yake. "Twende Kadutu," alisema. "Kuko mutu atakuambia."

Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, na ndani yake alikaa mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba, amenyoosha yote miwili juu ya mkeka. Polycarpe alisema: huyu ni mama yangu, maman Nabintu. Adélaïde tayari alikuwa amemtambua kwa pengo la meno ya mbele. Alipiga magoti, akasogeza kibuyu mbele yake.

Nabintu alikitazama kile kibuyu.

"Kinatoka Cishugi?"

"Ndiyo, maman."

"Onja kwanza."

Adélaïde akaonja. Mzee yule akangoja. Aliongea na mwanawe mambo ya kuni, akajikuna goti, akangoja tena, na kibuyu hakukigusa kabisa.

"Miye sitafuti shamba," Nabintu alisema mwishowe. "Shamba bakule. Nilikuwa na mutoto mwanamuke, wa kwanza, alikufa kabla ya ile mambo yote. Tulimuzika mu ndizi. Sijaenda pale tangu ile siku. Miguu yangu inakufa, nilimutuma huyu atafute pale iko. Nilimukataza kusema jina ya baba yake, sababu angesema jina, bangemuua."

"Juu ya ile njo nilikuwa nauliza nani alilima wapi," Polycarpe alisema. "Nilitaka kujua ndizi yetu ni ya nani sasa."

"Ni ya Grégoire," Adélaïde alisema. Halafu yale maneno mengine, ambayo hakuyapanga, yakatoka. "Maman, nilikunywa maziwa yako. Siku ile ya jina. Nilikunywa mingi, na sikugonjwa. Nilijua."

Nabintu hakulia wala hakushangaa. Alimkazia macho kama mtu anayechagua mbegu.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Munane."

"Munane. Basi ulikuwa mutoto." Akavuta kitenge chake juu ya magoti. "Na kisha? Ulikomaa lini?"

Adélaïde alirudi kilimani na kamyo ileile, amekaa juu ya magunia matupu, na safari yote swali lile lilimkaa kifuani. Vilevile aliendelea kushuku. Kaburi lilikuwa kweli? Au lilikuwa njia ya kuingiza mguu mmoja ndizini, na baadaye mguu wa pili? Alijichukia kwa kuwaza hivyo, na bado aliwaza.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Grégoire aliwaita watu wote uani kwake. Philémon alikuwa bado hai, lakini Clémence alikuja akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kufiwa. Grégoire alisema kwa ile sauti yake ya upole kwamba hataki kelele wala moto. Siku hizi kuna sheria. Lakini Adélaïde ana binti Kalehe, na ingekuwa vizuri aende kwa binti yake, aende kesho, na shamba lake litaangaliwa.

"Litaangaliwa na nani?" Adélaïde aliuliza.

"Na kilima."

"Kama shamba ya Ntakwinja."

Kulikuwa na vijana pale ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo, wakageuka kuwatazama wazazi wao. Adélaïde akaona ameshaingia majini, bora aogelee. Alisema karani ni mtoto wa Ntakwinja, yule aliyekuwa tumboni. Alisema alikwenda Bukavu, akamwona Nabintu, na kwamba mzee anatafuta kaburi la mtoto wake. Watu walinung'unika, mmoja akapaza sauti kwamba si tulisema, wanarudi kwa shamba.

"Labda," Adélaïde alisema. "Mi sijui moyo ya mutu. Kile ninajua ni kimoja. Ile maziwa haikuwa na sumu. Nilikunywa. Niko hapa."

"Unasema baba yangu alikuwa mwongo?" Grégoire aliuliza. "Miye nilibeba mikeka ya kuzikia bandugu yangu babili. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Usinifundishe nani alikufa."

"Sisemi hawakufa. Ule mwaka batoto walikufa hata kule Walungu, hata Kaziba, na Nabintu hakufika kule." "Papa Grégoire, nani alinipokea kibuyu? Tulikuwa tunakaa chini ya paa. Nilikunywa, na mutu wa nyuma yangu akanikamatia kibuyu, akasema nitamaliza yote. Akakunywa paka mwisho, akalamba vidole. Ni nani?"

Midomo ya Grégoire ilisogea kidogo. Alikuwa mrefu, lakini pale mlangoni kwake alionekana kama mtu aliyeegemea kitu kikaondolewa. Watu walimngoja aseme hapana. Angesema hapana, wangemwamini, maana Adélaïde hakuwa na shahidi mwingine duniani. Grégoire akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na mkutano ukabaki bila mwenyewe.

Watu waliondoka mmoja mmoja, bila kuagana. Clémence alibaki.

"Kama haiko karuho," alimwambia Adélaïde, na sauti yake ilikuwa bado ngumu, "bwana yangu ana nini?"

"Sijui. Mumupeleke dispensari. Bakisema ni karuho, nitaenda Kalehe na miguu yangu."

Kesho yake Philémon alibebwa kwa tipoyi, machela ya mabegani, mpaka Nyangezi. Infirmier, muuguzi wa dispensari, alisema ni amibe, ugonjwa wa maji machafu, akamchoma sindano siku nyingi mfululizo. Alirudi amekonda lakini anatembea. Na mwezi huohuo watu wa Cishugi walichimba mitaro kufuata vile vijiti, kwa kulazimishwa na kwa kulaani, kama walivyochimba watu wa vilima vyote mpaka Nyangezi. Hakuna shamba lililochukuliwa. Si kwamba mashaka yaliisha. Wengine walisema mitaro ni mwanzo tu, na Philémon mwenyewe aliendelea kusema kwamba kuna karuho ambayo madaktari hawaioni. Lakini walilisema neno hilo bila kutazama upande wa nyumba ya Adélaïde, na kwake hilo lilitosha kuendelea kuishi.

Nabintu alikuja mwishoni mwa Novemba. Polycarpe alimleta kwa kamyo mpaka barabarani, na wanaume wanne wakampandisha kwa tipoyi. Wawili kati yao walikuwa vijana wa Philémon, waliotumwa na mama yao. Grégoire hakuwa amekubali wala kukataa. Walipofika ndizini walimkuta amesimama huko, panga mkononi, anakata majani makavu ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Mzee alishushwa. Akatambaa kwa makalio, akigusa udongo, akiuliza jiwe kubwa la kaburi lilikuwa wapi. Hakuna aliyejua. Ndizi za zamani zilikuwa zimeoza na nyingine kuota, kila kitu kilikuwa kimehama. Alitafuta mpaka jua likawa kali, na Adélaïde akaanza kuogopa kwamba hatapaona kamwe, na kwamba watu waliokuwa wakichungulia njiani watasema kaburi halikuwepo.

Ndipo Grégoire aliposema, bila kumtazama mtu, "Jiwe tulilitoa. Baba alijenga nalo jiko."

Akatembea hatua kama kumi kuelekea mtaro mpya, akasimama kwenye kijibonde kidogo, akachora msalaba ardhini kwa ncha ya panga.

"Lilikuwa hapa. Tulikuwa tunachezea juu yake."

Nabintu alisogea pale. Alilala kifudifudi, uso kwenye udongo, na akakaa hivyo. Polycarpe alitaka kumwinua, Adélaïde akamshika mkono. Grégoire alibaki kusimama na panga lake. Alikuwa akilinda shamba lake, au alikuwa akilinda kilio cha yule mwanamke, Adélaïde hakuweza kujua. Hata miaka ya baadaye, Adélaïde alipoulizwa, alisema hajui.

Jioni Nabintu alikataa kurudi Bukavu. Alisema miguu inauma. Adélaïde alimpa kitanda chake, akajitandikia mkeka. Alimwambia pia, mbele ya Polycarpe na Clémence, kwamba kipande cha karibu na njia ni chao, wakichukue. Polycarpe alisema yeye ni karani, hajui jembe. Mama yake akamnyamazisha. Walikubaliana wagawane nusu kwa nusu, na kwamba binamu mmoja wa Polycarpe, Sophie, aje kulima sehemu yao msimu ujao. Grégoire hakutoa hata tuta moja la kwake. Lakini alizungushia kile kijibonde uzio wa mianzi, siku moja ambayo hakuna aliyemwona.

Nabintu alikaa juma, akakaa mwezi. Hawakuwa marafiki. Mzee alipika chungu chake peke yake, akafunika maji yake kwa sahani na kuweka jiwe juu. Kila asubuhi alikaa kizingitini, amenyoosha miguu, akimtazama Adélaïde akipalilia maharage aliyoyapanda upya mitaro ilipokwisha, nayo sasa yalikuwa yametoa maua.

"Unapanda karibu-karibu sana," alimwambia siku moja. "Yananyongana."

"Tunapandaka vile, maman."

"Munapandaka vibaya. Hii shamba inataka nafasi. Njoo, nikuonyeshe."

Adélaïde aliacha jembe, akaenda kumsaidia kusimama. Mzee alisita, akautazama ule mkono, kisha akaushika.